Kumpendekeza mhadhiri kijana kwenye tuzo ya utafiti: yaliyotukuta idarani

Kila mwaka matangazo ya tuzo za watafiti chipukizi hupita kwenye barua pepe za vyuo vyetu. Kurugenzi ya utafiti inayasambaza, ndaki inayashusha idarani, na idarani yanalala. Wanaostahili wapo. Lakini nyingi ya tuzo hizi hazimpokei mtu aliyejipendekeza mwenyewe. Tuzo za TWAS, akademia ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1983 na mwanafizikia Abdus Salam na yenye makao Trieste, Italia, ziko hivyo: jina lazima liletwe na wengine. Basi mhadhiri kijana anasoma tangazo, anajiona anatimiza vigezo, kisha anangoja mkubwa wake amkumbuke. Mkubwa ana mitihani ya kusahihisha, vikao vya seneti na wanafunzi wa uzamivu wanaosubiri maoni. Dirisha linafungwa.

Mimi ni Profesa Mshiriki katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na kwa miaka kadhaa nimeongoza idara inayoshughulika na sayansi ya chakula. Naandika haya hasa kwa wakuu wa idara na maprofesa wenzangu, maana kazi ya kupendekeza ni yetu sisi, si ya vijana. Wao wanaweza kutusaidia kukusanya karatasi, lakini wa kusimama na kusema "kazi hii ni kubwa, na sababu ni hizi" ni sisi.

Kwetu jambo lilianza kwa tuzo moja ya kimataifa iliyolenga wanasayansi walio mwanzoni mwa kazi. Tulikuwa na mhadhiri mmoja, mwanamke, aliyerudi na uzamivu wake miaka michache nyuma na kuanza kazi ya sumukuvu kwenye mahindi. Kwa wasiofuatilia: sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu kwenye nafaka na karanga zilizokaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Inahusishwa na saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo hii si mada ya maabara tu. Ni ugali wa watu.

Nilimwita ofisini nikamweleza nia ya idara. Alishukuru, kisha akasema, "Prof, si watasema najipeleka mbele?" Kwetu tumelelewa na methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ni kweli. Kwenye tuzo za utafiti methali hii imewanyima wengi haki yao, kwa sababu jaji aliyeko Pretoria au London hapiti kwenye korido zetu. Hamjui mtu. Anachokiona ni faili lililoko mezani kwake, na kama faili halisemi, kizuri hakijiuzi.

Mzunguko wa kwanza tulikuwa na wiki mbili na kidogo. Tukagawana kazi: yeye aandae wasifu na orodha ya machapisho, mimi niandike barua ya mapendekezo, na wadhamini watatu waandike barua zao. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri.

Barua za wadhamini ndizo zilizotuangusha. Mdhamini mmoja, mtu mzito anayeheshimika, alimjibu binti yetu kwa maneno ambayo kila mwanataaluma nchini ameyasikia: "Niandikie, nitasaini." Akaandika. Wa pili alituma barua inayosema ni mchapakazi, mnyenyekevu, ana ushirikiano mzuri na wenzake na anaheshimu muda. Ungeweza kuitumia barua hiyo kumwombea mtu kazi yoyote ile, hata ya uhasibu. Neno sumukuvu halikuwemo. Ni barua ya tatu tu, ya msimamizi wake wa zamani wa uzamivu, iliyosema ni swali gani alilijibu na kwa nini halikuwa limejibiwa kabla yake.

Hili la sifa za tabia naomba nilikalie kidogo, kwa sababu linawaumiza zaidi wanawake. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 uliopitia barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari waliokuja kuajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha tiba Marekani. Ulionyesha kwamba barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi, zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka, na zilisifu zaidi bidii kuliko ilivyokuwa kwa wanaume. Na hao ni watu waliofanikiwa kupata kazi. Nilipousoma nilizirudia barua tulizotuma nikaona hayo hayo. "Licha ya majukumu ya familia, amejitahidi sana." Aliyeandika alikusudia wema. Lakini jaji anasikia kwamba huyu anajitahidi, ilhali kuhusu mwombaji mwingine kwenye rundo lile lile anaambiwa kwamba amegundua.

Ukaja muhuri. Tuzo ilitaka barua ya taasisi yenye saini ya kiongozi wa chuo. Kiongozi alikuwa safarini, aliyekaimu hakutaka kusaini jambo ambalo hakulianzisha, na faili likazunguka. Saini ilipatikana siku ya mwisho mchana. Tangazo lilisema mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za Ulaya ya Kati, ambayo wakati wa baridi kwao ni saa moja usiku kwetu. Tulipakia nyaraka tukiwa na dakika chache mkononi, intaneti ya ofisini imekata, tunatumia bando la simu ya mhadhiri mwenyewe. Sehemu ya muhtasari wa mchango wake iliandikwa pale pale, kwa haraka. Ninayo bado. Inasema: "Amechapisha makala nyingi katika majarida ya kimataifa na kuhudhuria mikutano mbalimbali."

Miezi ilipita, likaja jibu la aya moja: waombaji walikuwa wengi na wenye ubora wa juu. Hakukuwa na maoni. Tuzo nyingi hazitoi maoni, na ni vizuri umwambie unayempendekeza tangu mwanzo asiyategemee.

Alikuja ofisini siku iliyofuata. "Shikamoo Prof." "Marahaba, Daktari, kaa." Akasema kwa upole, "Labda kazi yangu bado haijafika." Sentensi hiyo iliniuma kuliko jibu lenyewe. Kazi yake ilikuwa imefika. Ilichokosa ni watu wazima wa kuieleza. Hii ndiyo gharama ya mapendekezo yaliyofanywa kwa haraka, na sijawahi kuiona ikiandikwa kwenye bajeti yoyote: kijana anachukua ulegevu wa faili na kuugeuza hukumu juu ya akili yake. Nilimwambia hivyo, wazi. Nikamwambia pia kwamba mwaka unaofuata tutarudi, na kwamba safari hii kazi itaanza kwangu.

Tulianza miezi mingi kabla ya dirisha kufunguliwa. Hatua ya kwanza haikuwa kuandika. Nilimwomba anieleze kazi yake kana kwamba nimekutana naye kwenye daladala. Alianza na maneno ya kitaalamu, nikamsimamisha. Akaanza tena. Mwishowe akainuka, akaenda ofisini kwake, akarudi na chupa tupu ya plastiki iliyokauka, mahindi kidogo na chumvi.

Kipimo hicho wakulima wengi wanakijua. Unaweka chumvi kavu kwenye chupa kavu, unaongeza punje za mahindi, unatikisa vizuri, kisha unaiacha itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Isipoganda, mkulima anaona yamekauka. Shida ni kwamba chumvi huanza kuganda unyevu ukizidi asilimia 15 hivi, ilhali mahindi ya kuwekwa ghalani kwa usalama yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Kwa hiyo kuna mahindi ambayo chupa inayapitisha na ghala inayaharibu. Mkulima ameanika kwenye turubai, amepima, amenunua hata mfuko wa kinga njaa usiopitisha hewa, amefanya kila alichoambiwa, na bado ukungu unaweza kumtangulia. Mhadhiri wetu alikuwa akifanya kazi kwenye nafasi hiyo ya katikati: mkulima asiye na pesa ya kununua kipima unyevu afanye nini baada ya chupa kumwambia ndiyo?

Alipomaliza kueleza nilijua barua yangu itaanzia wapi. Muhtasari mpya ulianza na chupa, chumvi na ile tofauti kati ya 15 na 13.5. Machapisho yalikuja baadaye, kila moja likiwa limefungwa kwenye swali: hili lilipima nini, hili lilibadilisha nini, nani analitumia sasa. Tulichagua matano tu. Orodha nzima ilibaki kwenye wasifu.

Watu hupenda kututajia waliotutangulia kwenye tuzo, na ni vizuri. Julie Makani wa Muhimbili alipewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza iliyodhaminiwa na Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake ya selimundu. Faith Osier wa Kenya akaipata mwaka 2014 kwa utafiti wa kinga ya mwili dhidi ya malaria. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering, mwaka 2015, kwa kichujio chake cha maji. Tuzo hizo hazifanani kwa vigezo wala kwa utaratibu. Lakini chukua kazi ya yeyote kati yao: unaweza kumweleza mtu asiye wa fani hiyo kwa sentensi moja, akaelewa ni tatizo la nani linatatuliwa. Kama mpendekezaji hawezi kuiandika sentensi hiyo, asifungue fomu bado.

Kwa wadhamini tulibadili kila kitu. Niliwapigia mimi mwenyewe, sikumtuma yeye. Swali langu lilikuwa la wazi: je, unaifahamu kazi yake kiasi cha kuiandikia barua yenye nguvu? Kama hapana, hakuna ubaya, niambie sasa. Mmoja alisema hapana, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu barua dhaifu ni mbaya kuliko mdhamini aliyekataa mapema. Waliokubali niliwatumia ukurasa mmoja wenye vigezo vya tuzo kama vilivyoandikwa kwenye tangazo, muhtasari wa kazi, na jambo moja ambalo kila mmoja ndiye anayelijua kuliko wengine. Msimamizi wa zamani aliombwa aeleze mbinu za maabara. Mtaalamu wa ugani aliombwa aseme kilichotokea vijijini. Mtafiti wa nchi jirani ambaye hawajawahi kuchapisha pamoja aliombwa aseme kazi hiyo inasimama wapi katika fani nzima. Huyu wa tatu ndiye majaji humwamini zaidi, kwa kuwa hana undugu na kazi hiyo. Hakuna aliyeandikiwa barua akasaini. Barua tatu zilizotoka kwenye kalamu moja hutambulika, na zikishatambulika jaji anaacha kuziamini zote.

Kuna mambo madogo ya karatasi ambayo yangeweza kuliua faili, na nayataja kwa sababu yanajirudia kwa wengi.

Majina. Makala zake za mwanzo zilitoka kwa jina la baba, za baadaye kwa jina la mume, na moja ilikuwa na herufi za kwanza zilizopinduliwa. Ukimtafuta kwenye hifadhidata unapata watu watatu, kila mmoja na kazi kidogo. Namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho ya mtafiti mmoja mmoja, inayotolewa bure tangu mwaka 2012, iliziunganisha. Ni kazi ya jioni moja. Kila mhadhiri msaidizi aifanye kabla hata ya kuchapisha makala ya kwanza.

Tarehe ya uzamivu. Tuzo nyingi haziulizi umri, zinahesabu miaka tangu upate shahada; nyingine zina kikomo cha umri, kama ilivyo kwa wanachama vijana wa TWAS, ambao hawatakiwi kuzidi miaka 40. Lakini uzamivu unapatikana siku gani? Siku ya kutetea tasnifu, siku seneti ilipopitisha, au siku ya mahafali? Kwa vyuo vyetu kati ya siku hizo inaweza kupita miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo inayomweka mtu ndani au nje. Tuliwaandikia waandaaji kuuliza, wakajibu kwa siku mbili. Tuliuliza pia kuhusu likizo ya uzazi. Sheria yetu inampa mama siku 84, ila kila mwanamke aliyefanya utafiti anajua kwamba kazi ya maabara haisimami kwa siku 84 tu. Tuzo kadhaa huongeza muda kwa waliozaa au waliougua, lakini lazima uombe na uthibitishe, hawakuongezei wenyewe.

Namba za kunukuliwa, yaani makala zako zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine. Kati ya hifadhidata zinazohesabu hayo, Google Scholar itakupa idadi kubwa kuliko Scopus karibu kila mara, kwa kuwa inahesabu vitu vingi zaidi. Andika chanzo na tarehe uliyoangalia, basi. Ukichanganya namba za vyanzo viwili kwenye faili moja, mwenye kulisoma anaanza kujiuliza ni nini kingine kimechanganywa. Na kwa mtafiti kijana wa mambo ya wakulima wadogo, namba hizi hazisemi mengi. Barua ya afisa ugani anayeeleza mafunzo gani yamebadilika kwenye kata yake ilikuwa na uzito kuliko namba yoyote tuliyokuwa nayo.

Na saini ya kiongozi: tuliiomba mapema, kwa rasimu ya barua ya nusu ukurasa iliyokuwa tayari, tukiwa tumemweleza katibu wake tarehe ya mwisho ni lini hasa kwa saa zetu. Ilitoka ndani ya wiki.

Gharama zilikuwepo. Kuthibitisha nakala za vyeti kwa wakili mhadhiri alilipa mwenyewe, na bando vilevile, mpaka nilipogundua nikaomba idara imrudishie. Mimi nilikataa kazi moja ya ushauri ya kulipwa kwa sababu iliangukia wiki za kuandika barua. Jioni zake kadhaa alizichukua kwa watoto wake. Haya yote tumeyafanya bila uhakika wa kupata chochote, na anayeingia kwenye kazi hii aingie akijua hivyo.

Lakini kuna gharama ambayo haipaswi kulipwa kabisa. Mara tu jina lake lilipoanza kuonekana, zikaanza kumiminika barua pepe za pongezi: umechaguliwa kuwa mwanasayansi bora wa kimataifa, lipia usajili ili upate cheti na ngao. Zina nembo nzuri na Kiingereza cha kujipendekeza. Mwenzetu mmoja wa idara nyingine alishalipa. Tuzo ya kweli haimtozi mshindi. Ina orodha ya washindi waliopita ambao unaweza kuwapata na kuwauliza, ina kamati yenye majina, na ina taasisi nyuma yake unayoijua. Wapendekezaji tuwaambie vijana hili kabla wadanganyifu hawajawafikia.

Idarani nako kulikuwa na minong'ono. "Mbona yeye?" Swali hilo ni la haki na lilistahili jibu. Tuliweka utaratibu: kila Januari wahadhiri wote waliopata uzamivu ndani ya miaka kumi wanatuma wasifu na ukurasa mmoja kuhusu kazi yao, watu watatu wanausoma, na tunakubaliana nani anafaa tuzo gani mwaka huo na nani aandaliwe kwa mwaka ujao. Minong'ono haikuisha yote, ila ilipungua. Faida ambayo hatukuitarajia ni kwamba wengine waliona kwa mara ya kwanza jirani zao wa korido wanafanya nini.

Mzunguko wa pili aliingia kwenye orodha fupi. Hakushinda. Safari hii alilia kidogo, nami sikumzuia, kisha tukakaa na kulitazama faili kama mali ya kutunza. Muhtasari ule ule, ukiwa umefupishwa, ulimpatia baadaye tuzo nyingine ndogo zaidi iliyokuja na ruzuku ya utafiti, na ile ruzuku ndiyo iliyonunua vipima unyevu alivyokuwa akiazima. Alipoomba kupandishwa kuwa Mhadhiri Mwandamizi, karibu kila kitu alichotakiwa kuthibitisha kilikuwa kimeshakusanywa. Sasa naye anasoma kurasa za wenzake kila Januari, na ana jicho kali kuliko langu: anakata kila neno "mchapakazi" analoliona na kuandika pembeni, "Amefanya nini?"

Mwaka huu tunampendekeza kijana anayeshughulika na uhifadhi wa dagaa. Barua mbili za wadhamini zimeshafika na zote zinazungumzia dagaa. Ya tatu bado. Nimempigia mdhamini leo asubuhi, ameahidi Ijumaa, na dirisha linafungwa wiki tatu baada ya hapo.